Muhula wa Kadi Safi

Jumanne, 10 Januari 2006

Nimeanza kazi ambayo sikuitafuta. Miaka thelathini na minne niliwadunga sindano watoto wa mji huu, nikastaafu, nikarudi Uthiru kwenye shamba la baba yangu kufuga kuku. Sasa kuna shule ya chekechea Lavington inayotaka nifike kila Jumanne na Alhamisi kuangalia afya ya watoto sitini na wawili ambao hata soksi zao zimepigwa pasi. Kijitabu cha kuitangaza shule kinasema kuna "muuguzi mwenye uzoefu". Ndiye mimi. Niliuliza vifaa viko wapi, nikaonyeshwa meza, kiti na chombo cha maua.

Mwalimu mkuu anaitwa Madam Janice. Hutembea kama mtu anayepigwa picha.

"Sista Wanjugu, kazi ni rahisi," alisema. "Unaangalia kadi ya kliniki. Kama iko full, unatia sahihi, tunaweka kwa faili."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Mwenye kadi."

Akacheka, akidhani namtania.

Alhamisi, 12 Januari

Nimepitia kadi ishirini. Nieleze jambo moja ambalo hawa hawatawahi kuniuliza. Kadi ya kliniki iliyo ya kweli ni chafu. Mtoto hupelekwa akizaliwa, kisha wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, halafu miezi tisa kwa ajili ya surua. Kila mara anahudumiwa na muuguzi mwingine mwenye kalamu nyingine na haraka nyingine. Muhuri hukaa upande. Tone la dawa ya polio huanguka kwenye karatasi. Mama hushika kadi kwa mkono ule ule ulioshika chupa ya uji. Baada ya miezi tisa kadi hiyo inafanana na kitambaa cha jikoni, na ukiisoma unajua kwamba kuna mwanamke aliyekaa kwenye benchi mara tano.

Hapa nimeona kadi kadhaa safi kama mialiko ya harusi.

Jumanne, 17 Januari

Kadi ya Fidel, mtoto anayetimiza miaka minne wiki hii. Mama yake, Bi. Veronicah, ndiye aliyewanunulia bembea mpya, kwa hiyo jina lake hapa hutajwa kwa sauti ya kanisani.

Chanjo zote zimeandikwa kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, mihuri imenyooka kama askari kwenye gwaride. Nikamwita mtoto, nikapandisha mkono wa kushoto wa shati. Chanjo ya kifua kikuu hudungwa hapo chini ya kiwiko, na kwa watoto wengi huacha kovu dogo la mviringo. Ngozi ya Fidel ni laini kama sahani. Hilo pekee halitoshi, maana yako makovu yanayofutika. Lakini kadi inasema alichanjwa surua tarehe 20 Oktoba 2002. Nilitazama kalenda ndogo ya zamani ninayobeba mkobani. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, tena Sikukuu ya Kenyatta. Hakuna kliniki ya umma iliyofunguliwa. Mghushi alihesabu miezi tisa kwa vidole tangu siku ya kuzaliwa, tarehe 20 Januari, akaandika, akaenda zake kula.

Nilimpelekea Madam Janice.

"Sista, kadi ni kadi," alisema. "Labda kliniki ilifungua."

"Jumapili? Kenyatta Day?"

"Please. Huyu ni mtoto wa Bi. Veronicah. Tutaongea kwa mkutano wa wazazi mwezi wa tatu. Kwa sasa tia tu sahihi, rejista inafungwa leo."

Nikatia sahihi.

Alhamisi, 19 Januari

Vikohozi viwili, goti moja lililochubuka.

Jumanne, 24 Januari

Fidel huletwa kwa gari na dereva, Maina, ambaye huongea mfululizo kama redio, na yaya, Nanyama, ambaye haongei kabisa. Kwa wiki mbili nilimdharau huyu Nanyama. Humbeba mtoto wa miaka minne mwenye miguu miwili mizima. Ukimsalimu hujibu viatu vyake.

Leo blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani.

"Una mtoto?"

"Ndio, Sista."

"Yuko wapi?"

"Kawangware, kwa Mama Nzula, jirani yangu. Anaitwa Dalmas. Ana miezi saba."

"Kadi yake?"

Nilingoja kuambiwa imeliwa na panya. Panya wa Nairobi wamekula kadi nyingi sana katika miaka yangu ya kazi. Akafungua mkoba, akatoa pakiti ya unga iliyokunjwa, na ndani yake kadi. Chafu! Wino wa bluu, wino mweusi, muhuri umeanguka ubavuni. Nikapata moyo kidogo. Pale kwenye mstari wa surua, ambao bado mtupu, tarehe 24 Machi imezungushiwa kalamu mara tatu.

"Nilishaomba ruhusa ya hiyo siku," alisema. "Mama Fidel amesema ataona."

"Ataona nini?"

"Hakusema."

Jumanne, 31 Januari

Ukame. Nyasi za Lavington zinamwagiliwa asubuhi na jioni. Kuku wangu wanakunywa maji niliyooshea sufuria.

Jumanne, 14 Februari

Watoto wote wanaongea juu ya sherehe ya Jumamosi huko Karen: siku ya kuzaliwa ya mtoto fulani, kasri la mpira la kurukia, farasi wa kukodi. Fidel ameniambia alipanda farasi na kwamba kulikuwa na mtoto "aliyekuwa analia macho". Nikauliza maana yake, akasema macho yalikuwa mekundu na mama yake alimpa keki.

Alhamisi, 16 Februari

Gazeti limeandika kwamba surua imeingia mashariki mwa jiji. Nilimwonyesha Madam Janice. Akasoma kichwa cha habari, akanirudishia. "Hiyo ni upande ule mwingine, Sista."

Surua hukaa hewani saa mbili nzima baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Haijui Lavington imeanzia wapi.

Alhamisi, 23 Februari

Fidel ameletwa na homa, macho mekundu, pua inatiririka, kikohozi kikavu. Nilimwambia afungue mdomo kama simba. Ndani ya mashavu, karibu na magego, kulikuwa na vidoti vyeupe kama chembe za chumvi juu ya nyama nyekundu. Muuguzi aliyeviona mara moja havisahau. Hutokea siku moja au mbili kabla ya vipele, na ni kama mgonjwa kaandika jina la ugonjwa mwenyewe.

Nikaandika kwenye karatasi ya kumrudisha nyumbani: SURUA. Atengwe. Apewe vitamini A. Watoto wote wa darasa lake waangaliwe.

Madam Janice aliichukua, akaandika nyingine kwa mkono wake. Ilisema: "Fidel hajisikii vizuri."

"Hilo neno lako litaleta panic," aliniambia.

"Hilo neno langu ndilo litakaloleta chanjo."

"Sista, wewe umezoea hospitali ya serikali."

Kweli nimezoea. Huko ugonjwa huitwa kwa jina lake, maana hakuna anayelipia uitwe vizuri.

Jumanne, 28 Februari

Maina amekuja peke yake kuchukua kitabu cha Fidel cha kupaka rangi. Nilimkalisha kwenye kile kiti changu kimoja.

"Mtoto ametoka vipele?"

"Mwili wote, Sista. Kuanzia nyuma ya masikio. Tulimpeleka kwa daktari, ile kliniki iko na samaki kwa ukuta. Akasema ni aleji. Ati ya farasi."

Basi nimejifunza tiba mpya uzeeni: maskini huugua surua, tajiri hupata aleji. Daktari yule ni kijana. Hajawahi kuona surua kwa sababu sisi tulikaa miaka thelathini tukihakikisha haioni. Sasa amekutana nayo uso kwa uso na anampa dawa ya mafua.

Kisha Maina akaniambia jambo ambalo alidhani ni umbea tu.

"Saa hizi Nanyama haendi kwake. Mama Fidel amemkataza kutoka tangu Ijumaa. Anasema atatuletea viini vya Kawangware na mtoto ni mgonjwa."

"Na mtoto wake mwenyewe ananyonya wapi?"

"Mama Nzula anamleta, kila saa sita. Anapitia mlango wa nyuma, anamnyonyeshea kwa chumba ya wafanyakazi. Fidel naye hataki kushukishwa, analia, kwa hivyo anakaa naye paja ingine."

Nilimuuliza tangu siku gani.

"Jumamosi."

Niandike hesabu hii polepole, maana mkono unataka kukimbia. Mtoto wa miezi minane ambaye hajachanjwa surua amekaa paja kwa paja na mgonjwa wa surua tangu Jumamosi. Akidungwa ndani ya saa sabini na mbili, chanjo inaweza kuutangulia ugonjwa. Wakati wa mlipuko hatungoji miezi tisa, tunadunga hata wa miezi sita. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Saa sabini na mbili zimeisha leo mchana. Na kisa ni kwamba mwanamke mmoja aliogopa viini vitoke Kawangware kwenda Lavington, akaweka amri iliyomtoa mtoto mzima Kawangware na kumleta kwenye viini.

Nilikwenda na Maina kwenye gari. Mlinzi wa getini akapiga simu ya ndani, akanipa.

"Sista Wanjugu, asante kwa kujali," sauti ya Bi. Veronicah ilisema. "Tuna daktari wetu."

"Sikuja kwa Fidel. Nimekuja kwa mtoto wa Nanyama."

"Nanyama ana mtoto hapa?"

"Kila siku saa sita."

"Nitazungumza naye," akasema, na simu ikakatika. Mlinzi akanitazama kwa huruma, jambo ninalochukia.

Jumatano, 1 Machi

Kawangware kuna akina Mama Nzula watatu. Wa tatu ndiye. Mwanamke mnene mwenye kibanda cha mboga, Dalmas mgongoni, mzima, anacheka na kila mpita njia.

"Nimpeleke sindano leo?" alisema. "Mamake aliniambia ni tarehe ishirini na nne. Mtoto wa watu simdungishi kwa sababu mwanamke nisiyemjua amekuja na mwavuli."

"Mimi ni muuguzi."

"Hata yule wa kuuza mafuta ya nyoka ni daktari, mama."

Nilimweleza kwa nusu saa: ugonjwa, siku, damu, mapafu. Alikuwa akikata sukuma wiki muda wote. Mwishowe akasema akikubali Nanyama, naye atakubali. Nanyama hana simu. Simu aliyokuwa nayo iko kwa Bi. Veronicah, imewekwa kabatini ili asizembee kazini. Nilirudi Uthiru nikiwa na hasira na mwanamke mjinga. Jioni hii naandika nikijua kwamba kati yetu wote yeye peke yake alikataa kufanya jambo juu ya mtoto bila idhini ya mama yake.

Alhamisi, 2 Machi

Bi. Veronicah "amezungumza naye". Maana yake: Dalmas haruhusiwi kuingia tena. Nanyama bado haruhusiwi kutoka.

Jumanne, 7 Machi

Mawingu. Hayakunyesha.

Alhamisi, 9 Machi

Wanne wa darasa la Fidel hawakuja. Mmoja alikuja akiwa na macho mekundu. Madam Janice anasema ni mafua ya mabadiliko ya hewa, na ametuma watu wanyunyizie dawa ya harufu ya limau darasani. Harufu ya limau haijawahi kuua surua, ila inawafurahisha wazazi.

Nilizitoa kadi za wale wanne kwenye faili. Zote safi, kwa mwandiko ule ule wa kadi ya Fidel. Zote zina sahihi yangu ya mwezi wa Januari.

Maina alikuwa nje akifuta kioo. Nilimwekea ile ya Fidel mbele ya macho. "Hii ilitoka wapi?"

Akafuta kioo kilichokuwa tayari kimeng'aa. "Sista, usinitaje. Kadi ya kwanza ilipotea wakihama nyumba. Na hata hiyo haikuwa imeisha, aliachia katikati, walikuwa wanasafiri sana. Shule ikasema bila kadi hakuna nafasi. Mama Fidel akaniambia, 'Maina, tafuta njia.' Sasa njia ni gani, kama si River Road, kwa wale wa kuchapa karatasi bandia?"

"Kliniki ya serikali ilikuwa karibu zaidi. Wangemdunga bure."

"Lakini huko kuna foleni," alisema Maina, kwa uaminifu mtupu.

Ijumaa, 10 Machi

Nimekwenda River Road kwa miguu kutoka kituo cha basi, mwavuli mkononi, mjini nikasukumwa na mikokoteni na vijana waliobeba mabomba ya plastiki. Juu ya duka la misumari na rangi, kama Maina alivyonielekeza, kuna ngazi ya giza, na juu ya ngazi kuna kijana anaitwa Waweru mwenye mashine ya kuchapa, rundo la kadi za harusi na miwani safi kuliko yangu.

"Karibu, cucu," alisema, akiniita bibi kwa Kikuyu. "Harusi ama mazishi?"

"Kadi ya kliniki. Ya mjukuu."

Hakushtuka hata kidogo. "Shule gani?"

Nikaitaja.

"Ah, wa Lavington! Hao hupenda karatasi nzito. Amezaliwa lini?"

"Kwa nini umeuliza shule kabla ya tarehe?"

"Cucu, mimi si mjinga. Nikipatia watoto wawili nambari moja na wako darasa moja, si nimeisha? Lazima nijue nani alishapewa gani." Akapigapiga kitabu kikubwa chenye jalada gumu. "Naandika kila kitu."

"Una watoto wewe?"

"Wawili."

"Kadi zao umechapa mwenyewe?"

Ndipo akaudhika. "Wangu? Wangu walidungwa zote! Mama yao alikuwa anaamka saa kumi na moja kupanga foleni. Kwani unanionaje?"

"Nakuona vizuri sana," nilisema. Kisha nikamweleza mimi ni nani. Nikamwambia watoto watano wa shule ile wana surua na kadi zao zote zilitoka kwenye meza hii. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mimi nauza karatasi, cucu. Si mimi niliwaambia wasidungwe."

"Kweli. Sasa kitabu chako ndicho rejista pekee Nairobi inayojua nani hajadungwa. Ya shule inasema wote. Ya wazazi inasema wote. Yako haidanganyi."

Chini kuna mtu alikuwa akigonga bati. Akakisukuma kitabu upande wangu. "Nakili haraka. Na jina langu usilitaje."

Kumi na mmoja. Jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, nambari, siku aliyochukua. Mwandiko safi, hakuna mstari ulioruka. Katika miaka thelathini na minne ya kazi kwenye vituo vya afya sijaona daftari lililotunzwa hivi. Nimemdharau njia nzima ya kurudi, na bado sijapata pa kumweka.

Jumamosi, 11 Machi

Nimewapigia simu wazazi sita kati ya kumi na mmoja. Wanne walisema nimekosea namba. Mmoja alisema atamuuliza wakili. Mmoja, mama kijana, aliuliza: "Leo wako wazi mpaka saa ngapi?"

Jumanne, 14 Machi

Mvua imekuja jana, yote kwa mara moja.

Dalmas alitoka vipele Ijumaa, siku ile niliyokuwa River Road. Mama Nzula alimfungia ndani, akaziba dirisha kwa gunia, akakataa hospitali kwa sababu kwao inajulikana kwamba mtoto wa surua akidungwa sindano vipele hurudi ndani na kumuua. Macho yalipovimba akayakamulia maji ya majani. Siku tatu. Nilipozisikia siku hizo tatu nilitafuta neno la kumwambia na lililokuja halifai kuandikwa na mzee wa kanisa.

Jana mchana alimbeba kwenye mvua mpaka getini Lavington. Mlinzi akamzuia. Mama Nzula hakubishana; alisimama katikati ya barabara, akaita jina la Nanyama kwa sauti ya kuuzia mboga, mpaka mapazia ya nyumba tatu yakafunguka. Nanyama akatoka jinsi alivyokuwa, na aproni, na mikono ya unga. Hakuomba ruhusa. Bi. Veronicah alimwambia akivuka geti asirudi. Maina anasema hakugeuza hata shingo.

Niliwakuta leo kwenye wadi ya watoto ya hospitali ya umma, watoto watatu kitanda kimoja. Nimonia. Surua yenyewe huua wachache. Hufungua mlango, na nimonia ndiyo inayoingia. Mbavu za Dalmas zilikuwa zinazama kila akivuta pumzi. Amepewa oksijeni, sindano za nimonia, vitamini A jana na leo, mafuta ya macho. Jicho la kulia linafunguka. La kushoto lina ukungu mweupe katikati.

Mama Nzula alikuwa chini, mgongo ukutani, nguo bado mbichi. Hajaenda nyumbani.

"Ni yale majani?" aliniuliza. Hakusubiri nimjie, aliuliza yeye.

"Majani na upungufu wa vitamini na surua yenyewe. Vyote."

"Lakini na majani."

"Na majani."

Akainamisha kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea mzigo wake. Nimekutana na madaktari waliosomea ng'ambo ambao hawakuwahi kuuliza swali lile.

Jumamosi, 18 Machi

Mkutano wa wazazi. Chai, sambusa, magari mpaka barabarani. Madam Janice alizungumza juu ya ukurasa mpya wa shule kwenye mtandao. Kisha ajenda ya mwisho, "afya", nikaitwa kwa dakika tano.

Nikawaambia shule ina surua. Wagonjwa saba sasa. Nikasema kuna kadi kumi na moja za kughushi, na kwamba nitasoma majina, si ili kumwaibisha mtu, bali kwa sababu watoto wanne katika hao bado wazima na sindano inaweza kuwawahi.

Baba mmoja mwenye tai alisimama. "Nani amekupa ruhusa ya kuwa na list ya watoto wetu?"

"Hii ni privacy," mwingine akasema.

"Imetoka wapi?"

"Shule inajua?"

Hakuna aliyeuliza: mwanangu yumo? Kila mmoja alikuwa anajua tayari.

Bi. Veronicah alikuwa mstari wa pili. Fidel amepona, amekonda, alikuwa nje kwenye bembea zake. Akasema kwa upole, kwa Kiswahili cha kumsemesha mtumishi: "Sista, lakini si wewe ulitia sahihi? Kadi zote zina sahihi yako."

Chumba kikatulia kwa furaha.

"Ndiyo," nilisema. "Niliona Januari kwamba ya Fidel ni ya uongo. Nikatia sahihi kwa sababu niliambiwa rejista inafungwa, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana. Hilo ni kosa langu na silipunguzi. Sasa nasoma majina."

Nikasoma. Madam Janice alijaribu kuwasha muziki.

Nimeambiwa nisirudi. Chombo cha maua wamebaki nacho.

Jumatatu, 20 Machi

Nilikwenda kituo cha afya cha umma kuona. Watatu kati ya wale wanne walifika. Mmoja aliletwa na baba mwenye tai. Alimuuliza karani kama kuna laini ya watu wenye haraka. Karani akamwonyesha benchi. Akakaa kati ya mwanamke aliyekuwa akinyonyesha na ndoo ya mtu, koti lake limekunjwa magotini, saa mbili na nusu. Sikumhurumia, lakini alikaa.

Ijumaa, 24 Machi

Dalmas ametolewa oksijeni. Ananyonya.

Jumatano, 29 Machi

Mvua. Banda la kuku limevuja.

Alhamisi, 6 Aprili

Kliniki ya macho, benchi la nje, tangu saa moja asubuhi. Nanyama alikuwa ameniomba niende naye kwa sababu, alisema, madaktari huongea haraka. Amepata kazi ya kufua kwa familia mbili huku Kangemi, na Dalmas hukaa karibu naye kwenye karai. Siku hizi anaongea. Labda alikuwa akiongea siku zote na mimi sikuwa mtu wa kuongeleshwa.

Daktari alimulika jicho, akaandika, akatamka neno refu. Tulipotoka Nanyama akaketi, akamweka mtoto magotini.

Nilianza: kioo cha mbele cha jicho hufanya hivi, kidonda kikipona huacha kovu, na kovu halipitishi mwanga...

"Sista. Usinieleze. Niambie tu. Litaona?"

"Halitaona."

Alimfuta Dalmas udenda kwa kona ya leso. Watu walikuwa wanapita katikati yetu.

"Maina aliniambia ulisema kwa mkutano," alisema. "Ati kadi ya Fidel uliijua tangu Januari."

"Niliijua."

"Siku ile uliniuliza kadi ya Dalmas. Ulikuwa unajua?"

"Wiki moja kabla."

"Na ukaishika, ukaiangalia, ukanirudishia."

"Ndiyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nimewahi kutukanwa na akina mama, nimewahi kupigwa kofi moja, mwaka wa sabini na tisa, na nilistahili. Kwenye dirisha la dawa wakaita namba yake. Akatazama foleni, akatazama mtoto, akatazama huku na huku kama kuna mtu mwingine yeyote wa kumpa.

"Shika," alisema.

Akanipa mtoto, akaenda na karatasi yake, hakugeuka nyuma. Dalmas alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia. Alikaa kwenye mkono wangu akisikiliza upande alikopotelea mama yake. Kisha akahisi kwamba aliyemshika si yeye, akageuza kichwa chote kushoto, mbali sana, mpaka jicho lake la kulia likanifikia, na akanitazama.